Mkuki wa Kugusa Mawingu: Chuma, Mchanga na Historia ya Meru na Embu

Wazee wa Kimeru husimulia kwamba mababu zao walitoka Mbwaa, kisiwa kilichokuwa kwenye maji makubwa upande wa jua linakochomoza. Waliishi huko kwa amani mpaka wakaja watu wa nguo nyekundu, Nguo Ntune, wakawatia utumwani. Watawala hao hawakutosheka na kazi za shamba na mizigo. Waliwatolea watumwa wao mitihani ambayo mtu wa kawaida hawezi kuishinda, na atakayeshindwa alijua kinachomngoja. Walitaka viatu vyenye manyoya ndani na nje. Wameru wakachuna ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, wakaviunda. Walitaka mbwa mwenye pembe. Mbwa akabandikwa pembe za swala kwa nta. Walitaka ndama anayekunya mavi meupe. Ndama akashibishwa maziwa matupu. Mwishowe wakataka mkuki wa chuma ambao mpini wake ungesimama ardhini na ncha yake iguse mawingu.

Hapo ujanja uliisha. Kiongozi wao, ambaye masimulizi mengi humwita Koomenjoe, akawaambia watu wafunge mizigo. Walipofika kwenye maji, maji yakagawanyika. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limepanda wakawa Njeru, weupe. Koo za Wameru zimehesabiwa kwa rangi hizo tatu tangu zamani.

Nimekisikia kisa hiki kikisimuliwa kwa namna nyingi, na kila mara hunivutia jambo moja ambalo wasimuliaji hulipita haraka. Ngozi inadanganyika, pembe inadanganyika, hata mavi ya ndama yanadanganyika. Chuma hakikudanganyika. Anayesimulia hivi anajua chuma ni kazi gani: anajua kinatoka wapi, kinakula makaa kiasi gani, na bonge zima la siku moja linatoa majembe mangapi. Huyo ni mtu aliyekaa karibu na tanuri. Na tanuri tunazozijua hazikuwa kisiwani tu. Zilikuwa pia kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, huko Mbeere na Embu na kwa majirani zao, kando ya mito inayoshuka kuingia Thagana, mto ambao ramani huuita Tana.

Hadithi ya Mbwaa iliandikwa na watu wengi, karibu wote wakiwa wageni. H. E. Lambert, mkuu wa wilaya aliyejishughulisha sana na baraza la Njuri Ncheke, alikusanya habari za mila na ardhi. Bernardo Bernardi, padre Mwitaliano wa shirika la Consolata, alitoa mwaka 1959 kitabu kuhusu Mugwe, yule kiongozi wa baraka ambaye kila kundi kubwa la Wameru lilikuwa naye na ambaye masimulizi humhusisha na safari ya kutoka Mbwaa. Mwaka uliofuata msomi Mwingereza, Rodney Needham, akachambua maandishi ya Bernardi na kuandika makala iliyopata umaarufu kuhusu mkono wa kushoto wa Mugwe. Hivyo mkono wa mzee mmoja wa Imenti ukajadiliwa katika vyuo vya Ulaya na watu wasioweza kuonyesha Imenti kwenye ramani.

Aliyeifuatilia Mbwaa kwa bidii zaidi ni Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyefika Meru mwaka 1969 na kukaa mpaka 1970 akiwahoji wazee kabla hawajafa na yale waliyoyajua. Kutokana na mahojiano hayo alitoa vitabu, kikiwamo kimoja cha mwaka 1982 na kingine cha mwaka 1993. Fadiman hakuichukulia Mbwaa kama ngano. Aliyapima masimulizi kwa kuhesabu marika, moja baada ya jingine, akirudi nyuma, akakadiria kwamba safari ilianza yapata mwanzoni mwa karne ya 18. Kisiwa chenyewe alikihusisha na Manda, katika visiwa vya Lamu.

Hesabu ya marika ina matatizo yake. Anayetaka kujua ukubwa wake asome kitabu cha Anne-Marie Peatrik wa Ufaransa kuhusu Wameru wa Tigania na Igembe, kilichotoka mwaka 1999. Humo marika na vizazi vinaonekana kuwa mfumo wenye kanuni, mivutano na siasa za ndani. Saa ya namna hiyo haiendi kwa mwendo mmoja. Huchelewa na kuharakishwa kulingana na watu wanaoishikilia. Hata hivyo, kabla ya mtu kumcheka Fadiman, na aende Manda aone udongo unasema nini.

Manda ilichimbwa na Neville Chittick kuanzia miaka ya 1960, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1984. Alikuta mji wa bandari uliokuwa na uhai katika karne ya 9, wenye kuta za kuzuia bahari zilizojengwa kwa mawe makubwa ya matumbawe na vyombo vilivyoletwa kutoka Ghuba ya Uajemi. Pamoja na vitu hivyo vya fahari alikuta mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yanayobaki baada ya chuma kuyeyushwa. Upande mwingine wa kisiwa kuna magofu ya Takwa, mji uliohamwa yapata mwaka 1700. Tarehe hiyo iko karibu mno na hesabu ya Fadiman kiasi kwamba mtu hutamani kuziunganisha. Mimi sitaziunganisha. Miji mingi ya pwani ilihamwa wakati mmoja au mwingine, kwa sababu ya maji, vita au biashara kuhama, na magofu hayataji majina ya waliotoroka.

Chuma cha pwani nacho si hadithi. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kupata faida kubwa kwa kukiuza. Karne nane baadaye, mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba alikagua mabaki ya wahunzi wa pwani, akishirikiana na wataalamu wa madini kama David Killick. Walikuta kwamba wahunzi hao walijua kuyeyusha mchanga mweusi wenye chuma. Huko Galu, kusini mwa Mombasa, zilipatikana dalili za chuma cha pua kilichotengenezwa ndani ya vyungu vidogo, ufundi ambao zamani wasomi walidhani ni wa Asia peke yake.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, Manda ikiwa mmojawapo, na katika makazi mamoja ya bara. Kusimba alikuwa miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo, na maabara ya David Reich huko Harvard ilihusika. Matokeo yalionyesha kwamba watu wengi wa miji hiyo walikuwa na akina mama wa Kiafrika, na kwa upande wa baba mchango mkubwa wa wanaume kutoka Asia, hasa Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Uchunguzi huo haukuwahusu Wameru. Lakini umewaweka pembeni wale waliofikiri kwamba wageni wa pwani waliokuja kutawala wote walikuwa hekaya tu, na pia wale waliosema pwani yote ililetwa na wageni. Nguo Ntune, kama waliwahi kuwapo, walikuwa katika jamii ya namna hiyo, ambamo mtawala na mtawaliwa waliweza kuwa na bibi mmoja.

Ushahidi wa lugha unaleta jambo la kushangaza zaidi. Kimeru, Kiembu, Kimbeere, Kitharaka, Kichuka, Kigikuyu na Kikamba ni lugha za tawi moja, ambalo wanaisimu huliita Thagicu. Wazungumzaji wa lugha hizo wako bara, wamezunguka mlima na kusambaa mpaka Ukambani. Lakini kuna moja iliyopotea: Kidaiso, kinachozungumzwa mkoani Tanga, Tanzania, mwendo wa siku nyingi kutoka mlimani. Derek Nurse alilichunguza suala hilo na kuchapisha makala mwaka 1982 akilinganisha lugha na masimulizi ya Wadaiso na ndugu zao Wasegeju. Wasegeju ndio ambao Wareno walisema waliiokoa Malindi mwaka 1589 isiangukie mikononi mwa Wazimba. Basi watu wenye lugha ya mlimani walifika pwani wakapigana vita vya pwani. Barabara kati ya mlima na bahari ilipitika, na hakuna sababu ya kufikiri ilipitika kwa upande mmoja tu.

Hapo ndipo ningesema Fadiman alikuwa na haki ya kuuliza, hata kama jibu lake ni refu kuliko ushahidi. Kundi dogo lililotoka pwani lingeweza kuleta hadithi ya Mbwaa, na hadithi hiyo ikapokewa na watu waliokuwapo tayari mpaka ikawa ya wote. Historia ya Afrika Mashariki imejaa mambo kama hayo. Washirazi wa pwani ni mfano ulio karibu.

Waembu hawana bahari katika hadithi yao. Husimulia habari za Mwenendega, mtu aliyekuwa peke yake, akamkuta mwanamke kando ya maji, wakaoana, na Waembu wakatokana nao. Kichaka kitakatifu cha Mwenendega kipo mpaka leo upande wa Runyenjes. H. S. K. Mwaniki, mwanahistoria ambaye mwenyewe alikuwa mwana wa huko, aliyakusanya masimulizi ya wazee wa Embu na Mbeere na kuyachapisha mwaka 1973 na 1974. Ndani yake kuna koo zinazosema zilitoka kaskazini, upande wa Tigania na Igembe. Kuna zinazosema hazikutoka popote. Na kuna kisa cha Waembu na Wambeere kuwa ndugu waliogombana. Uzuri wa kazi ya Mwaniki ni kwamba hakulazimisha wazee wakubaliane. Aliwaacha wapingane, kila mmoja kwa jina lake. Kwa maoni yangu hivyo ndivyo kumbukumbu inavyostahili kutunzwa, na ningependa mtu awafanyie Wameru kazi ya namna hiyo, kwa lugha ya Kimeru, ukoo kwa ukoo.

Karibu masimulizi yote haya, ya Embu na ya Meru, yanawataja watu waliotangulia. Wanaitwa Gumba, na kwingine majina mengine. Walikuwa wafupi, wawindaji na walina asali, walioishi ndani ya mashimo msituni, kisha wakatoweka. Mashimo yapo. Mwaka 1971 mwanaakiolojia wa Finland, Ari Siiriäinen, alichapisha ripoti ya uchimbaji wake Gatung'ang'a, karibu na Karatina, akiwa na swali hilo la Gumba akilini. Alichokikuta kilikuwa makazi ya watu wa Enzi ya Chuma, yanayofika karne ya 12, na vyungu vyao vilionekana kuwa na undugu na vyungu vya Kwale, vile ambavyo Robert Soper alikuwa amevieleza miaka michache kabla na ambavyo pwani vinaanzia karne za kwanza baada ya Kristo. Kwa maneno mengine, miaka mia tano kabla ya tarehe ambayo Fadiman anaiweka kwa safari ya Mbwaa, kulikuwa na wafinyanzi wanaotumia chuma wakiishi kwenye mlima huu, na ufundi wao haukuwa mgeni kwa pwani.

Soper mwenyewe alipanda upande wa mashariki. Alizunguka Embu, Mbeere na Chuka akitafuta vigae na mavi ya chuma na kuvilinganisha na masimulizi ya wenyeji, na mwaka 1979 jarida la Azania likachapisha matokeo. Jean Brown alikuwa amewatangulia wengi kwa kuwakuta wahunzi wa kusini mwa Mbeere na kuandika juu yao mwaka 1971. Kitabu chake kikubwa kuhusu ufundi wa metali Kenya kilitoka mwaka 1995. Wakati wa kazi hiyo ya kwanza ya Brown, akina David Brokensha, Bernard Riley na Jack Glazier walikuwa Mbeere wakiandika juu ya mimea, ardhi na koo. Kwa muda mfupi, nchi kavu ya Mbeere, ambayo serikali iliiona kama mahali pa njaa tu, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa sana Kenya. Kisha wasomi wakaondoka, na vitabu vyao vikabaki kwenye maktaba za mbali kwa bei ambayo mwalimu wa Siakago hawezi kuilipa.

Waliyoyaandika kuhusu chuma yanafaa kuelezwa polepole, kwa sababu watu wengi hudhani mababu zetu waliokota mawe mekundu wakayachoma. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika. Miamba yake inapomomonyoka, mito hubeba chembe nyeusi, nzito, zenye kuvutwa na sumaku: magnetaiti, ambayo ni chuma kilichoungana na oksijeni, mara nyingi pamoja na titaniamu. Baada ya mvua, mchanga huo mweusi hujikusanya kwenye kingo na mapinda ya kijito, juu ya mchanga wa kawaida. Mtu huuchota, huutia kwenye kibuyu kilichokatwa au chombo bapa, huutikisa majini. Mchanga mwepesi huondoka na maji, mweusi hubaki. Hurudia hivyo mara nyingi mno, kwa sababu nyumba moja ya mhunzi ilihitaji vikapu kwa vikapu kabla ya tanuri kuwashwa.

Nani aliyeuosha? W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine, waliokaa Ugikuyu na kutoa kitabu mwaka 1910, walieleza kazi hiyo. Jomo Kenyatta naye aliieleza mwaka 1938. Picha inayotoka kwao ni ya jamaa nzima iliyo mtoni: wanawake na watoto wakiwa ndani ya maji, kila mmoja kwa nguvu zake. Kazi ya mhunzi, mũturi, ilianza pale ambapo kazi yao iliishia.

Makaa yalichomwa kwa miti migumu. Tanuri lilikuwa shimo lililokandikwa udongo, na pembeni liliingizwa bomba la udongo la kupitishia upepo. Mivukuto ilikuwa ya ngozi za mbuzi, ikisukumwa kwa zamu na vijana bila kupumzika. Makaa na mchanga viliongezwa kwa tabaka. Hapa ndipo elimu ilipokuwa. Chuma chenyewe huyeyuka katika joto la nyuzi 1,538 za Selsiasi, na tanuri la udongo haliwezi kulifikia na kulishikilia kwa urahisi. Halikuhitaji kulifikia. Karibu na nyuzi 1,200 makaa huchukua oksijeni iliyo ndani ya mchanga, uchafu huyeyuka na kutiririka, na chuma hubaki kama bonge lenye vitundu. Bonge hilo huvunjwa, huchomwa upya na kufuliwa juu ya fuawe mpaka uchafu wote utoke. Upepo ukizidi, makaa yanaisha kabla ya kazi. Ukipungua, uchafu unagandiana na chuma, na jasho la siku zote mtoni limepotea. Hakuna kipimajoto. Mhunzi alisoma rangi ya moto na sauti ya upepo.

Titaniamu ndiyo inayowasaidia watafiti wa leo. Haiingii ndani ya chuma. Hubaki kwenye uchafu. Bonge la mavi ya chuma lenye titaniamu nyingi husema kwamba lilitokana na mchanga wa aina hii, na siku hizi kuna kifaa cha mkononi kinachoweza kuipima kwa miale ya eksirei bila kulivunja. Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Nyanza, Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya mwaka 1976 wawashe tanuri tena, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba hewa iliyopashwa moto ndani ya mabomba ililipandisha joto kupita matarajio. Wenzao walibishana nao kwa miaka mingi, na ubishi huo ulizaa elimu. Mbeere haikupata ubishi wa namna hiyo.

Mhunzi aliogopwa. Laana yake ilidhaniwa kuwa nzito kuliko ya watu wengine, na penye tanuri palikuwa na miiko. Wanawake, wale wale waliouosha mchanga, hawakuruhusiwa kukaribia wakati wa kuyeyusha. Mwiko huo, kwa maoni yangu, ndio uliotuharibia historia. Mtafiti alipofika aliongozwa kwa wazee wa kiume. Mzee alisimulia tanuri, mivukuto, laana na mikuki. Mto haukuulizwa, kwa hiyo haukusimuliwa. Fadiman alitafuta walinzi wa kumbukumbu za vita na mabaraza, na walinzi hao walikuwa wanaume. Bernardi alimtafuta Mugwe. Lambert alikaa na Njuri Ncheke. Kila mmoja alipata alichokitafuta.

Tunajua kinachotokea mtu akiuliza upande wa pili kwa sababu Lynn Thomas aliuliza. Aprili 1956 Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji wilayani Meru, na wasichana wengi wakaamua kujitahiri wenyewe, wakaitwa Ngaitana. Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Kwa miongo kadhaa kisa hicho kilikuwa mistari michache katika faili za serikali. Thomas aliwatafuta wanawake walioshiriki, wakiwa wamezeeka, na kitabu chake cha mwaka 2003 kimekuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa sana kuhusu historia ya Meru. Mtu anaweza kukataa walilolifanya wasichana wale, kama ninavyolikataa mimi, na bado akakiri kwamba bila vinywa vyao hatungeelewa mwaka ule.

Kwa upande wa udongo, wa kutazamwa ni wafinyanzi. Ufinyanzi huku umekuwa kazi ya wanawake, na kwa Agikuyu wanaume walikatazwa hata kusogea. Freda Nkirote M'Mbogori, mwanaakiolojia wa Kenya aliyefanya kazi Makumbusho ya Taifa na baadaye kuongoza Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, ameonyesha namna ya kuusoma mkono wa mwanamke ndani ya kigae. Pambo la chungu huigwa haraka; mfinyanzi akiona alama nzuri sokoni anaweza kuichora kesho. Lakini jinsi anavyoanza, kama anaanzia kitako au mdomo, anavyovuta udongo, anavyoungia vipande, hayo alifundishwa na mama au bibi akiwa mtoto, na hayabadiliki kirahisi. Katika kitabu chake cha mwaka 2015 alivipitia upya vyungu vya pwani vya karne ya 7 hadi ya 14 kwa njia hiyo, akivilinganisha na kazi za wafinyanzi wa siku hizi. Vyungu hivyo wataalamu huviita kwa jina la mto: vyungu vya Tana. Ni mto ule ule unaotoka mlimani, unaopita Mbeere na Tharaka, na ambao George Abungu aliufuata katika utafiti wake wa uzamivu kuona jinsi watu wa delta na watu wa bara walivyobadilishana bidhaa kuanzia karne ya 8.

Swali la Mbwaa, nadhani, litajibiwa huko. Mikono ya wafinyanzi wa Tharaka na Mbeere ikilinganishwa na vigae vya Gatung'ang'a, vya Tana ya chini na vya Manda, tutajua kama akina mama wa mlimani waliwahi kuwa akina mama wa pwani. Masimulizi ya wanaume yanasema taifa zima lilivuka maji. Huenda vyungu vitasema kwamba wanawake walikuwa hapa muda wote.

Kuzimika kwa tanuri kulikuwa kwa haraka. Mwaka 1906 jeshi la Waingereza liliishambulia Embu na kujenga kituo. Mwaka 1908 Edward Butler Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi kwa sababu hatulii mahali pamoja, akafungua kituo Meru. Nyuma yake yakaja maduka, waya, na vyuma chakavu vya bei rahisi. Mhunzi hakuwa na sababu tena ya kuwaingiza watoto wake mtoni wiki nzima. Alinunua chuma tayari akaendelea kufua. Uhunzi ukabaki, uyeyushaji ukafa katika miongo ya kwanza ya ukoloni. Ofisi ya mawe iliyojengwa mwaka 1916 kwa ajili ya mkuu wa wilaya ndiyo leo Makumbusho ya Meru, iliyofunguliwa mwaka 1974.

Baada ya hapo ardhi yenyewe ilianza kuondoka. Katika Tana, bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, Kamburu 1974, kisha Gitaru, Masinga na Kiambere, na kingo ambazo watu walikaa kwa karne nyingi zikaingia chini ya maji. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, watu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na viwanja vya zamani vikaachwa. Leo ni malori ya mchanga wa ujenzi. Vijito vya Mbeere na Tharaka vinakwanguliwa mpaka mwamba, na mchanga mweusi unaondoka pamoja na mweupe kwenda kujengea ghorofa.

Teknolojia mpya inasaidia, lakini ina upendeleo wake. Makumbusho ya Ukoloni wa Uingereza na shirika la African Digital Heritage lililoanzishwa na Chao Tayiana Maina wamejenga upya, kwa michoro ya kompyuta yenye pande tatu, kambi ambamo watuhumiwa wa Mau Mau walifungwa. Ni kazi nzuri, na vijana wengi wameijua historia hiyo kwa njia yake. Tangu mwaka 2020, mradi unaoongozwa kutoka Cambridge na Paul Lane umekuwa ukitumia picha za setilaiti na kumbukumbu za zamani kuorodhesha maeneo ya kale yaliyo hatarini katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Ila setilaiti huona ukuta, handaki, msingi wa nyumba. Rundo la mavi ya chuma lenye upana wa kitanda, katikati ya shamba la mtama huko Kiambere, halionekani kutoka angani. Anayeliona ni mwenye shamba, jembe lake linapogonga.

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa. Wengi hawaijui, na wanaoijua huogopa kunyang'anywa shamba. Serikali za kaunti za Embu, Meru na Tharaka Nithi zingeondoa hofu hiyo kwa gharama ndogo: mtu mmoja kila wadi, mwenye simu ya kupiga picha na kunakili mahali, anayejua kutofautisha mavi ya chuma na jiwe. Walimu wa historia wangeweza kuifanya kazi hiyo pamoja na wanafunzi katika muhula mmoja. Na wewe unayesoma haya, ikiwa bibi yako anatoka Mbeere, Tharaka au Chuka, usimuulize kuhusu vita. Muulize mama yake alikuwa akichota mchanga mto gani, na vyungu vya kwao vilianzwa kitako au mdomo. Andika atakavyosema, pamoja na jina la mto, kisha upeleke nakala kwenye makumbusho ya Meru.